Barua ya kazi ya kuombea viza, kwa sie tulofanya kazi mahotelini Unguja (hata kama hoteli yenyewe ishafungwa)

Assalamu alaykum jamani. Wiki hii peke yake watu watatu wamenitumia picha za barua zao za kazi wananiuliza inafaa kuombea viza ama haifai, na wote watatu ilibidi niwaambie warudi wakaandikiwe nyengine. Mmoja kapika Kiwengwa miaka saba, mmoja fundi umeme kwenye hoteli ya Nungwi mpaka leo yupo kazini, wa tatu ni muuguzi wa serikali. Uzoefu wanao tena mkubwa, ila barua zao hazisemi kitu. Ndo nikaona bora niandike yote pamoja, mtu akiniuliza tena nimpe hii akasome kwa utulivu.

Mie ni mtoto wa Wete, Pemba. Nimekaa kwenye uhasibu wa hoteli moja ya pwani ya mashariki kuanzia 2015 mpaka Machi 2020, ndege ziliposita sote tukaambiwa turudi majumbani. Baadae nikaomba Canada kupitia Express Entry, yani mfumo wao wa kuombea ukaazi wa kudumu, kwenye ile programu ya wafanyakazi wenye ujuzi, nikakataliwa. Ada ikapotea, na kwa mtu anolipwa kwa shilingi ile ada si mchezo, nililia siku mbili mama akadhani kuna msiba. Sababu iloandikwa kwenye jibu ilikuwa moja tu, barua ya mwajiri haikuonesha kazi nilizokuwa nikifanya kwa hiyo afisa hakuridhika kuwa nina uzoefu nnaoudai. Mara ya pili nikapita, kwa kazi ile ile na miaka ile ile. Kilichobadilika ni karatasi. Kwa hiyo hapa nazungumzia Canada zaidi kwa sababu ndo nlioipitia mwenyewe, huko chini ntagusia Ujerumani, Oman na ile viza ya kazi ya Marekani inayoitwa TN ambayo kila siku natumiwa video zake.

Kwanza jua nani anasoma hiyo barua. Anasoma mtu alokaa ofisini mbali, hakujui, haijui Paje wala Kendwa, hajawahi kusikia jina la hoteli yako, na ana mafaili mengi mezani. Hawezi kukupigia akuulize "ulikuwa ukimaanisha nini hapa". Kisichoandikwa kwake hakipo. Sisi huku tumezoea barua ya heshima, mtu akisema "namjua kijana huyu ni muaminifu" basi mambo yamekwisha, na ndo maana barua zetu zimejaa sifa. Yule afisa sifa hazimsaidii, anataka kujua ulifanya nini, lini mpaka lini, saa ngapi kwa wiki, ulilipwa kiasi gani, na nani anathibitisha.

Kwa Canada maelekezo yenyewe yako wazi. Barua iwe kwenye letahedi ya kampuni, iwe na jina lako, anuani ya kampuni, simu na imeili, isainiwe na bosi wako wa moja kwa moja au mtu wa HR na jina lake na cheo chake viandikwe chini ya saini. Ndani yake iseme vyeo vyote ulivyoshika na tarehe za kila cheo, majukumu ya kila cheo, saa za kazi kwa wiki, mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu, na kama bado upo kazini iseme kuwa upo. Muhuri hawajautaja lakini kwetu mimi nasema upigwe, haudhuru kitu.

Sasa nikuoneshe barua yangu ya kwanza ilivyokuwa, nimeifasiri:

"Hii ni kuthibitisha kuwa mtajwa hapo juu alikuwa mfanyakazi wetu katika idara ya uhasibu kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Katika kipindi hicho alionesha uaminifu, bidii na nidhamu ya hali ya juu. Tunamtakia kila la kheri."

Nilivyoipokea nilifurahi nikaibusu. Lakini isome kwa jicho la afisa. 2015 mwezi gani? Ukianza Disemba 2015 ukatoka Januari 2020 ni miaka minne na kidogo, ukianza Januari 2015 ukatoka Disemba 2020 ni karibu sita, na barua hii inaruhusu yote mawili. "Idara ya uhasibu" kama nani? Hata anosafisha ile ofisi yumo kwenye idara. Saa hakuna, mshahara hakuna, kazi hakuna.

Na hii ndo ya pili, ileile hoteli, yani sehemu yenye uzito:

"Aliajiriwa tarehe 2 Februari 2015 kama Karani wa Mapato, na kuanzia tarehe 1 Julai 2017 alipandishwa kuwa Mhasibu Msaidizi, hadi ajira ilipositishwa tarehe 31 Machi 2020 kwa sababu ya hoteli kufungwa. Ajira ilikuwa ya kudumu, saa 45 kwa wiki. Akiwa Mhasibu Msaidizi, kila asubuhi alilinganisha mauzo ya mapokezi, mgahawa na baa na ripoti ya mfumo pamoja na pesa zilizomo kwenye sefu. Aliingiza vitabuni ankara za wauzaji wa samaki, mboga na vinywaji na kutayarisha malipo yao. Alitayarisha mishahara ya wafanyakazi wote, makato ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar) na kodi ya PAYE inayopelekwa TRA. Alitayarisha ritani ya VAT ya kila mwezi ya Bodi ya Mapato Zanzibar (ZRB, siku hizi ZRA). Alifanya ulinganisho wa benki kila mwisho wa mwezi na kumsaidia mhasibu mkuu kutayarisha vitabu kwa ajili ya wakaguzi."

Alafu kiwango cha mshahara kwa mwezi na kwa mwaka, chakula na usafiri wa staff vikatajwa, cheo changu cha mwanzo nacho kikapewa aya yake ya majukumu. Ukurasa mmoja na nusu. Umeona pale pa wauzaji wa samaki? Mtu ambae hajafanya ile kazi hawezi kuliweka lile. Vitu vidogo vya kweli kama hivo ndo vinaipa barua uzito, wewe kama mpishi sema mlikuwa mkihudumia sahani ngapi usiku wa bufee, wasaidizi wangapi chini yako, nani anaagiza nyama na nani anapanga menyu. Fundi umeme aseme jenereta ya ukubwa gani, vyumba vingapi, nani anaitwa usiku ikikatika line ya umeme ya ZECO.

Hapa kuna mtego ambao wengi wanaingia. Canada kila kazi ina namba yake, inaitwa NOC, ni tarakimu tano na ile tarakimu ya pili ndo inaonesha ngazi ya kazi, wao wanaita TEER, kuanzia 0 mpaka 5. Programu nilioombea mie inakubali 0, 1, 2 na 3 tu. Sasa mtu anachagua namba kwa jina la cheo chake na hapo ndo anapoumia. Mkataba wangu ulisema "Mhasibu Msaidizi", nikalishika neno mhasibu nikaenda kuchagua 11100 ambayo ni ya wahasibu kamili na wakaguzi wa hesabu, nilipokaa nikasoma majukumu yake moja moja nikaona kazi zangu zenyewe ziko 12200, mafundi wa hesabu na watunza vitabu, TEER 2. Bado inakubalika lakini ni namba tofauti! Kwa hiyo soma majukumu kwanza, jina la cheo baadae.

Kwa wa mahotelini: shefu ni 62200, mpishi wa kawaida ni 63200, fundi umeme 72200, muuguzi alosajiliwa 31301, supavaiza wa mgahawa 62020, mkuu wa housekeeping 62021. Hawa wote wamo. Lakini weita ni 65200, mtu wa mapokezi 64314, anotandika vyumba 65310, na hizi ni ngazi ya 4 na 5, kwa programu hii hazihesabiki hata ukiwa na miaka ishirini. Inauma kuisikia na mie inaniuma kuiandika, kwa sababu nimefanya kazi na mabinti wa housekeeping wanaojua kazi kuliko wengi walioko juu yao. Ila bora uijue kabla hujalipa mtihani wa Kiingereza na ada nyengine. Na kama kweli ulipanda ukawa supavaiza kwa mwaka mzima na zaidi, hicho kipindi kiandikwe peke yake na tarehe zake, kisichanganywe na miaka ya uweita.

Jengine, usichukue yale majukumu ya kwenye tovuti yao ukayabandika kwenye barua neno kwa neno. Wanayajua, wameyaandika wao. Barua inayofanana na tovuti yao koma kwa koma inatia shaka. Sema kazi ile ile kwa maneno ya kazini kwako.

Saa. Mwaka mmoja wa kazi ya kutwa kwao ni saa 1,560, yani saa 30 kwa wiki kwa wiki 52. Sisi hoteli tunafanya 45, 48, wengine zaidi, lakini zile za ziada hazikupunguzii muda, huwezi kufanya saa 60 kwa miezi sita ukasema nimemaliza mwaka. Ila usiseme uongo ukaandika 30, andika zile za kweli. Na unatakiwa mwaka mmoja usiokatika, ndani ya miaka 10 ilopita, kazi ya kulipwa. Kwa hiyo fildi ya chuo ulofanya bila malipo haihesabiki, kujitolea hakuhesabiki. Na hapa wa mahotelini tuna tatizo letu wenyewe, masika hoteli nyingi zinafunga, Aprili na Mei mtu anarudishwa nyumbani. Sasa je mkataba ulikatwa ukaandikishwa upya Juni, au uliendelea na wewe ukawa likizo? Muombe HR aseme wazi kwenye barua, kwa sababu afisa akiona mshahara wa benki haupo miezi miwili na barua imenyamaza atafikiri anavofikiri yeye.

Namna ya kuipata hiyo barua. Usiende kwa HR ukasema "naomba barua ya uthibitisho", utapewa ile ya mistari mitatu aloihifadhi kwenye kompyuta tokea zamani. Nenda na rasimu ulokwisha kuiandika wewe, kwenye flashi na ilochapwa, mwambie "dada, au kaka, hivi ndivyo wanavotaka, naomba upitie, palipo si sawa urekebishe". Wengi wanakubali kwa sababu unampunguzia kazi, na hakuna ubaya wowote wewe kuandika rasimu maadamu kila kilichomo ni kweli na yeye anaisaini akijua anachosaini. Na chagua wakati. Usimuendee Agosti au wiki ya mwisho wa Disemba wageni wamejaa hata pa kukaa hapana, wala masika pengine ofisi imefungwa. Juni mwanzoni, au Oktoba hivi, ndo watu wana nafasi ya kukusikiliza. Na muage vizuri, kwa sababu afisa anaweza kuandika imeili au kupiga simu kuuliza, na ikipokelewa na mtu wa mapokezi alokuja mwezi uliopita akajibu "huyo hatumjui" basi umeshaharibikiwa. Imeili kwenye barua iwe ya hoteli yenyewe kama wanayo. Kama wanatumia imeili ya bure basi waweke na tovuti, namba ya mezani na kadi ya kazi ya alosaini.

Muhimu khasa: fanya haya kabla hujaalikwa. Ukishapata mualiko wa Express Entry wa kupeleka maombi kamili una siku 60 tu kukamilisha kila kitu, na siku 60 za kumfuata meneja alohamia Dar ni chache sana wallahi.

Sasa nije kwenye lililonisibu mie, kwa sababu najua wengi liko hivo. Nilipokataliwa na kurudi kutafuta barua ya pili, hoteli ilikuwa ishauzwa. Jina jipya, rangi mpya, HR mpya kijana mpole tu lakini akaniambia mafaili ya wafanyakazi wa zamani hayakukabidhiwa. Nikatoka pale getini nikakaa chini ya mkungu nikiwaza miaka mitano imeenda wapi. Hapo ndo nikajifunza kuwa kazi inaacha alama nyingi kuliko barua.

Alama ya kwanza ni ZSSF. Kama mwajiri alikuwa anachangia, taarifa ya michango yako inaonesha jina la mwajiri na mwezi kwa mwezi. Nenda na kitambulisho cha Mzanzibari na namba yako ya uanachama, kwa walioko Pemba ofisi iko Chake huna haja ya kupanda boti. Kama ulifanya kazi Bara basi ni NSSF. Ile taarifa kwa macho yangu ndo karatasi nzito kuliko zote baada ya barua, kwa sababu imetoka kwa taasisi ya serikali na si kwa rafiki yako. Ila jitayarishe kisaikolojia, mie nilikuta miezi kumi na moja haimo ingawa kwenye slipu zangu makato yapo kila mwezi. Pesa ilikatwa haikupelekwa. Kwenye viza nililitatua kwa kuweka slipu za miezi hiyo pamoja na statimenti ya benki na barua ya maelezo, lakini nyie mlioko kazini sasa hivi msingoje mpaka mtake kusafiri, kaangalieni michango yenu mwezi huu.

Ya pili benki. Statimenti ya PBZ, NMB au popote mshahara ulipoingilia, uombe ya kipindi chote, igongwe muhuri, alafu chukua kalamu ya rangi upige mstari kwenye kila mshahara. Wale mnaolipwa mkononi kwa bahasha, hapa mna shida, anzeni kuomba mlipwe kwa benki au hata kwa simu ili pabaki rekodi.

Ya tatu mkataba wa ajira, barua ya kupandishwa cheo, slipu za mshahara, kitambulisho cha kazini, cheti cha mfanyakazi bora wa mwezi, picha ya ratiba ya zamu ilobandikwa ukutani, imeili ulizokuwa ukiandikiana na bosi. Mama yangu alikuwa kaweka mkataba wangu ndani ya mkoba wa nikaha yake pale Wete, mie nilishaukatia tamaa. Tafuteni kila pahala.

Ya nne, ithibitishe kuwa kampuni ilikuwepo. Usajili wa kampuni Zanzibar uko BPRA, si BRELA, BRELA ni ya Bara, na hili mtu akikosea anaweza kuambiwa kampuni haionekani wakati anatafuta daftari siyo. Ukipata taarifa inayoonesha kampuni ilisajiliwa na baadae ikabadili wamiliki au jina, maelezo yako yote yanakaa sawa.

Ya tano, mtu alokuwa bosi wako. Mhasibu mkuu wangu alikuwa kahamia hoteli nyengine, nikamfata. Akaniandikia barua kwa jina lake mwenyewe, akieleza alikuwa nani pale, kwa kipindi gani alinisimamia, na majukumu yangu yote, akaapa mbele ya wakili, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na mkataba wake wa zamani kuonesha kuwa kweli alikuwa na cheo hicho. Kisha, Mungu amlipe, akawapigia wamiliki wa zamani, na wale wakakubali kusaini barua kwenye letahedi ya kampuni yao ilokuwa ikiendesha hoteli, ndo ile nilokuonesheni juu. Lakini hata bila ya ile ningekuwa na kitu cha kupeleka.

Zote hizi zifungwe na barua ya maelezo ya ukurasa mmoja unaoiandika wewe: hoteli ilifungwa tarehe fulani, ikauzwa, nilijaribu kuomba barua siku fulani kwa imeili hii hapa, hawakuweza, kwa hiyo naleta hiki kuthibitisha tarehe, hiki kuthibitisha malipo, hiki kuthibitisha majukumu. Usilalamike humo ndani. Muelekeze tu afisa karatasi gani inajibu suali gani.

Barua ya sheha: watu wananiuliza kila siku. Sheha anathibitisha kuwa unaishi kwenye shehia yake, hawezi kuthibitisha kuwa ulikuwa mpishi Matemwe. Usiitegemee kwa hili.

Majina sasa, na hapa nawaomba mtulie msome vizuri. Paspoti inasema Khamis, ZSSF inasema Hamisi, mkataba umeandikwa "H. Juma", cheti cha skuli kina majina mawili na paspoti ina matatu. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja, kwa afisa hawa wanaweza kuwa watu watatu. Abdalla na Abdullah, Suleiman na Seleman, Mwanakhamis ilokatwa ikawa Mwana Khamis, yote nimeyaona. Paspoti ndo iwe mama, kila karatasi mpya unayoomba iandikwe herufi kwa herufi kama paspoti. Zile za zamani ambazo huwezi kuzibadili, nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina kinachotaja kila namna jina lako lilivyoandikwa na kwenye karatasi gani, kiambatanishe. Ukiweza kurekebisha ZSSF yenyewe ni bora zaidi, lakini anza mapema. Na linganisha tarehe pia, kama barua inasema 2 Februari na CV yako inasema Januari, badilisha CV.

Wanaojiajiri, yani waongoza watalii, mafundi, wapiga picha wa harusi. Huwezi kujiandikia barua mwenyewe kuwa ulifanya kazi, wanataka kuona biashara ilikuwepo, pesa iliingia, na mtu mwengine anasema ulimfanyia kazi. Kwa hiyo leseni ya Kamisheni ya Utalii kwa kila mwaka, usajili wa biashara BPRA, ritani za kodi, ankara na risiti zake, statimenti ya benki, na barua za kampuni za utalii au wateja ulowahudumia zikitaja kazi gani na walilipa vipi. Muongoza watalii alokuwa akipewa kazi na kampuni mbili tatu za Mjini aziombee barua zote mbili tatu.

Lugha. Barua za serikali yetu zinaandikwa kwa Kiswahili, yule muuguzi wangu barua yake nzima ni Kiswahili. Canada wanataka Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo ifasiriwe na mfasiri anaetambulika, BAKITA wanafanya kazi hiyo, na uweke tafsiri pamoja na asili yake. Mfasiri asiyekuwa na uthibitisho wa kitaaluma lazima aape mbele ya wakili. Huruhusiwi kufasiri mwenyewe, wala mumeo, wala dada yako hata kama ni mwalimu wa Kiingereza.

Nchi nyengine kwa ufupi. Ujerumani tangu 1 Machi 2024 wana njia kwa wenye uzoefu: angalau miaka miwili ya kazi ndani ya miaka mitano ilopita, pamoja na shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi ulikosoma, uwe umepata kazi kule na mshahara ufike kiwango walichoweka. Barua ya namna nilioeleza juu inawafaa. Wa kompyuta wanaweza kupita hata bila ya cheti. Oman mambo yanaanzia kwa mwajiri wa kule, yeye ndo anoomba viza, wewe unachotakiwa ni mihuri: karatasi inathibitishwa kwanza huku, inapita Wizara ya Mambo ya Nje, alafu ubalozi, na bahati nzuri Oman wana ubalozi mdogo hapa hapa Unguja. Angalia tu cheo kwenye barua kifanane na cheo kilichomo kwenye viza, muulize mwajiri kabla ya kupiga mihuri kwa sababu ukikosea unarudia yote. Na TN ya Marekani ile, jamani, ni ya raia wa Canada na Mexico tu. Si ya Mtanzania, na si hata ya Mtanzania anaeishi Canada ambae bado hajapata uraia. Kama una ndugu kishakuwa raia wa Canada yeye inamfaa, fani zimeorodheshwa na nyingi zinataka shahada, meneja wa hoteli anaweza kupita kwa diploma ya hoteli pamoja na miaka mitatu ya uzoefu wa umeneja, na uzoefu huo unathibitishwa kwa barua hizi hizi. Wewe wa Wete au Bububu anaekutaka pesa akutafutie TN anakuibia, mkate mapema.

Mwisho, barua za kutengeneza. Zipo, mnazijua, mtu anakaa kwenye duka la steshenari na letahedi aloiskani anakuuliza "unataka miaka mingapi". Canada wakigundua maelezo ya uongo wanakufungia miaka mitano usiombe chochote, Uingereza inaweza kufika miaka kumi, na wanagundua kwa vitu vidogo kama simu ilopokelewa na mtu asiekujua. Nimewaona watu wenye uzoefu wa kweli kabisa wanatengeneza barua kwa uvivu wa kumfata bosi wa zamani Mwera, na hapo ndo roho inaniuma zaidi, mtu anajifungia mlango aliokuwa na ufunguo wake mfukoni.

Ukishazipata zote, skani kwa rangi, kurasa zote mpaka nyuma palipopigwa muhuri, kila mwajiri faili lake moja: barua mbele, mkataba, slipu, benki, ZSSF, maelezo. Jitumie kwenye imeili yako. Orijino zitie kwenye bahasha ya plastiki umpe mama akuwekee.